Tiketi Mbili za Kutu

Baba alisema: usiku, Mwenge, vijana wenye nywele zile,
nakwenda nawe.
Nikajua tamasha limekwisha kabla halijaanza.
Miezi minne nimeficha chenji ya chakula cha shule
ndani ya kopo la poda
ili niwaone Kutu wakipiga, mbele ya macho yangu,
na sasa nitasimama kando ya mzee
mwenye shati la Idi, amelichomekea,
kalamu mfukoni kana kwamba kuna fomu ya kujaza.

Mlangoni kijana wa tiketi akamwamkia.
Akaitikia marahaba, akamuuliza anasoma wapi.
Nilitamani ardhi ipasuke.

Kisha gitaa la kwanza.

Bati la paa zima likiburutwa juu ya lami.
Wasichana wa mbele wakaziba masikio, wakicheka.
Nikamgeukia baba nikisubiri uso wa mtu aliyekanyaga siafu.
Ametulia.
Baba, ambaye nyumbani tunamwita mara tatu ndipo ageuke,
ambaye redio yake imetugombanisha na nyumba nne,
alisimama ndani ya kelele ile
kama mtu aliyerudi kwao akakuta kiti chake hakijakaliwa.

Akanigusa bega. Midomo ikacheza, sauti hakuna:
Una kiu?
Nikaelewa. Sijui nilielewaje.
Akaenda, akarudi na soda mbili.

Wenzangu wanapigiana makelele masikioni, mate yanaruka,
hawaelewani.
Sisi tunazungumza.

Miaka ishirini na sita, mashine za kufuma,
kiwanda cha nguo, Ubungo.
Alinisimulia palepale, neno kwa neno, gitaa likisaga:
kwamba mle ndani hakuna aliyeitwa kwa sauti,
walitaniana kwa midomo, walikopana kwa midomo,
walizikana kwa midomo,
na mama alikuwa upande wa kukunja vitenge
naye akamposa kutoka mashine ya kumi na nne,
hatua thelathini, msimamizi kasimama katikati
asisikie kitu.
Mama akajibuje? nikauliza.
Akasema: rudia, sijasoma vizuri.
Alikuwa amesoma vizuri.

Umeme ukakatika.

Gitaa likafia njiani. Watu mia tatu
wakanyamaza kwa mkupuo mmoja,
na kwa kuwa gizani midomo haisomeki
baba akatumia sauti, yote,
sauti nzima ya Kondo Mwinyimvua:
"HUYU WA NGOMA ANGETUFAA ZAMU YA USIKU!"

Ukumbi ukaangua kicheko. Simu zikawasha taa,
zikamtafuta, zikampata:
shati la Idi, kalamu, chupa ya soda.
Ilinipasa nife. Sikufa.
Mpiga ngoma, kifua wazi, jasho likimchuruzika,
akainuka nyuma ya ngoma zake
akamwinamia baba mpaka chini.

Jenereta likakohoa nje. Kibao kilichofuata
walikipiga kwa mwendo wa mashine,
au ni mimi niliyekisikia hivyo,
maana kiganja cha baba kilikuwa juu ya mbao za spika
na vidole vilikuwa vinahesabu nyuzi.

Kwenye bajaji nilimwambia masikio yangu yanapiga mluzi.
Nikarudia, taa ya barabarani ilipompa midomo yangu.
Huo wako utaondoka kesho, akasema.
Wa kwake hakuutaja.

Mama akafungua mlango, kanga kifuani.
Tukaanza kumsimulia wote wawili kwa pamoja,
kwa sauti ya watu walio ng'ambo mbili za mto.
"Jamani! Saa saba hii. Majirani!"
Baba akanyamaza. Akamtazama.
Midomo yake ikasema kitu kifupi
ambacho nilikisoma, na sitakiandika.

Mama akavuta komeo, akatupa kisogo, kisha akageuka.
Rudia, akasema.