Mnyambuliko wa Kitenzi Husu

Barua imekuja kwa baiskeli, saa nne asubuhi,
na kijana wa ofisi ya mkoa mwenye haraka ya chai.
"Mwalimu Hoza, wanaitaka kwa Kiswahili kabla ya adhuhuri.
Mkalimani wao ana homa, na Dodoma wanapiga simu."
Mimi ni mstaafu. Lugha ya hao mabwana naijua
kwa kuwa nilisoma kwao miaka miwili, nikila viazi.

Kurasa mbili, karatasi nzito kama kitenge kisichofuliwa.
Ubalozi unaanza kwa heshima,
unamaliza kwa heshima yake kubwa kabisa,
na katikati, pasipo heshima yoyote, jina:
Athumani Shekidele,
aliyeteuliwa Jumatatu kuisimamia bandari yetu,
na mlipuko wa miaka kumi na tisa iliyopita,
na fedha za gati jipya, ambazo "zitatafakariwa upya".

Neno lao la katikati lina nyuso mbili.
Nikiandika *alihusika*, nimemfunga.
Nikiandika *ametajwa*, nimemfungulia mlango wa nyuma.

Nilimfundisha mimi. Usagara, kidato cha pili,
dawati la dirishani, shati lisilo na kifungo cha juu.
Ubaoni: husu, husika, husisha, husishwa.
"Kuna tofauti gani, Shekidele?"
"Mwalimu, anayehusika anajua.
Anayehusishwa hujulishwa."
Darasa zima likacheka. Nilimpa kumi juu ya kumi.

Lakini mwaka ule wa mlipuko hakuwako Tanga.
Mama yake alisema yuko masomoni,
na nilipomuuliza mji gani
alianza kuchambua mchele uliokwisha chambuliwa.

Mwanakombo ameingia bila hodi, kaja kuazima ungo.
Tunapakana ukuta, Barabara ya Kumi na Saba.
Mumewe Zuberi alipeleka machungwa ya Muheza ng'ambo ya mpaka,
akalipitisha lori mbele ya geti la ubalozi ule
dakika ileile.
Alirudi katika sanduku aliloambiwa asilifungue.

"Ndiye huyo?"
"Wanasema."
"Wanasema akina nani?"
"Wenye ubalozi."
"Waliojengewa ukuta mpya?
Mimi hawajaniandikia hata siku moja.
Nisomee hapo mwisho tena."
Nikamsomea: heshima yake kubwa kabisa.
"Hawakubakiwa na ndogo?"

Kahawani wamekwisha kugawanyika.
Mmoja kaapa kuwa ni wivu wa wazungu.
Mwingine kaona gari la Shekidele huko Raskazone,
mapazia ya nyumba yameshushwa mchana.
Wa tatu kasema, hapa Tanga bwana, waja leo waondoka leo,
wakacheka, kisha wakaitazama barabara.

Na chini ya barua yao, kwa pini,
jibu letu, ambalo nalo nilitafsiri, liende kwao:
uteuzi ni jambo la ndani,
Serikali haishurutishwi,
Serikali inachukua fursa hii kuuhakikishia Ubalozi
heshima yake kubwa kabisa.
Nimelinganisha maneno. Yanatoshana kama viatu.

Nimeandika *anahusishwa*.
Nikalitazama mpaka wino ukakauka.
Kauli ya kutendwa: mtendaji anaweza kuachwa
na sentensi isianguke. Nilifundisha hivyo miaka thelathini na moja.

Mwanakombo yu mlangoni, ungo kwapani.
"Mwalimu, katika hiyo sentensi yako
Zuberi yuko wapi?"

Nimetafuta. Kwenye kiima yuko Shekidele.
Kwenye chagizo kuna tarehe na mji.
Kuna "watu kumi na wanne", pamoja na "mali".
Nilitaka kumwambia yumo mle, kwenye kumi na wanne,
lakini alikuwa amekwisha kutoka
na kijana yuko nje anapiga kengele ya baiskeli,
anapiga tena,
na mimi bado sijaweka nukta.