Deni la Leros

Nimechukua daftari la shule, lile la mistari,
nikaandika juu: SAFARI. Chini yake: SAMAKI.
Mjukuu wangu Nsenga anacheka, kidole kwenye simu.
"Kambo, tunatafuta wapi?"
"Leros."
"Leo?"
"Si leo. Leros. Ni kisiwa cha Wagiriki. Tafuta."

Miaka kumi na tisa nilipima chumvi
katika duka la Bwana Stamatis, Kamalondo,
chumvi kilo, chumvi nusu, chumvi ya kiganja kimoja
kwa mke wa mchimba shaba ambaye mshahara umechelewa.
Chumvi yote hiyo, na bahari sijaiona.

Yeye aliiona kila jioni, akishafunga milango ya chuma.
Alikaa juu ya gunia la maharagwe, bia mkononi,
akitafuna finkubala wakavu kama njugu,
akisema: kwetu nyumba zimepakwa chokaa,
kwetu ukitupa jiwe linaangukia maji,
kwetu pweza anaanikwa kwenye kamba kama soksi.
Nikauliza: kamba hiyo hiyo ya nguo?
Akasema: hiyo hiyo.
Mpaka leo sijaamini. Nimeandika: KUHAKIKISHA KAMBA.

Mwaka wa tisini na moja wakaja waliokuja,
duka likabaki kuta na mzani,
na mzani wenyewe, sahani moja ilikuwa imeondoka.
Nilikuwa ninamdai miezi mitatu.
Hakuwa na kitu ila kalamu.
Akararua karatasi ya kufungia sukari,
akaandika, mwandiko kama kuku amepita:
*Mimi Stamatis iko na deni ya Kyalwe, mwezi tatu.
Feza hapana. Kyalwe akuye kwetu Leros,
atakula samaki mwezi tatu, atalala bure.*
Akatia sahihi. Akagonga muhuri wa duka
ambalo halikuwapo tena.

Watoto wamesoma. Bwana nimemzika.
Goti la kulia bado linakubali ngazi.
Kopo la maziwa ya unga limejaa mpaka mfuniko unainuka.
Kwa nini nisiende?

Nsenga anasoma masharti ya viza.
Picha mbili, masikio yaonekane.
Masikio ninayo.
Karatasi ya benki.
Benki yangu inanuka maziwa, lakini tutaipeleka.
Barua ya mwajiri.
Hapo nikanyamaza.
Barua ya mwaliko, ikionyesha mahali pa kulala.
Nikaingia chumbani, nikafungua sanduku,
nikaondoa vitenge, kimoja, kingine, kile cha arusi,
nikarudi, nikaiweka mezani.
Chembe za sukari zingali kwenye mkunjo.

Mwajiri, huyu.
Mwaliko, huu.
Pa kulala, soma mwenyewe: bure.

Nsenga alisoma mara mbili, hakucheka.
Akasema, polepole, "Kambo, na kama amekufa?"

Dawa ya deni kulipa.
Sijasikia wakisema dawa yake kufa.
Ana watoto. Wana kamba, kama kweli ipo.
Na bahari imewazunguka pande zote;
mdaiwa wa kisiwani atakimbilia wapi?

Umeme ukakatika. Tukaendelea kwa tochi ya simu.
Mwezi wa saba nauli ni ya wazimu,
basi andika wa kumi.
Andika finkubala kilo mbili, waliochambuliwa vizuri.
Andika pilipili, maana sijui wanapikaje huko.
"Viza hii," anasema Nsenga, "inaishia siku tisini,
hakuna hata moja ya ziada."

Tisini.
Nikahesabu kwa vidole, nikarudia.
Miezi mitatu, kamili,
kama mtu amekipima kitu hiki mahali fulani
kwa mzani wenye sahani zote mbili.

Andika na kofia, Nsenga.
Alisema jua la kule halina adabu.