Mafaili Mawili

Kuta za studio yetu, hapa Mwanga, zimevishwa trei za mayai.
Humo ndani sauti haina pa kukimbilia.
Humo ndimo Butoyi alimosoma taarifa ya saa moja
miaka tisa, koo laini, bila kujikwaa.
"Mimi ni Restituta Butoyi,"
na Kibirizi nzima wakaanua dagaa kimyakimya.

Alisoma vita vya watu.
Waliokufa arobaini. Waliokimbia elfu tatu.
Kisha hali ya hewa: ziwa limetulia, mawimbi madogo.
Siku moja alifunga maiki mapema, akaniuliza,
"Fundi, arobaini ni wangapi?"
Nilikuwa nahesabu lita za dizeli. Sikumjibu.

Usiku mwingine, umeme umekatika, akasema gizani:
"Mimi ni mwanamume. Sijawahi kuwa kingine."
Nami, Mungu anisamehe au anipongeze,
nikasema tu, "Basi usikae mbali na maiki."
Alicheka hadi akakohoa.

Lugha yetu haikumsumbua.
Amekuja, ameondoka, analala, anaota:
ni a- ile ile, haimfunui mtu nguo.
Watu ndio waliotaka kufunua.
Meneja alipokea simu tatu,
akampa likizo isiyo na tarehe ya kurudi.

Jina la ubatizo aliliacha mezani pamoja na kitambulisho.
La pili aliondoka nalo,
Butoyi, pacha wa nyuma,
jina ambalo kwa Waha halijawahi kuuliza
mtoto ni wa kike au wa kiume.
Bukuru, wa mbele, alikufa kabla ya arobaini yao.

Alipanda treni, kamera begani.
Nchi aliyofika siwezi kuitamka vizuri.
Theluji, alisema, ni unga wa muhogo
uliomwagwa na mtu asiyejua bei.
Miezi minne alipiga picha.
Mwezi wa tano mwenzake alikatika katikati ya sentensi,
na Butoyi akaweka kamera chini, akaokota kilichokuwa karibu.
Ndivyo alivyonieleza. Sijui kama ndivyo ilivyokuwa.
Karani wa jeshi alimuuliza jina na kundi la damu.
Basi.
"Kumbe, Fundi, mlango huu humfungukia kila mtu."

Hapa wanasema, hiyo si vita yetu. Ni kweli.
Hata mimi nimeisema, usiku, kwa simu isiyo na bando.

Mama yake hushuka kutoka Gungu kila Jumamosi,
chupa ya mafuta ya mise kwenye kikapu,
ananiomba nimfungulie mwanawe.
Namwekea faili la zamani: saa moja kamili, ziwa limetulia.
Butoyi ameniagiza nilifute. Bado sijalifuta.
Kosa hilo ni langu, niandikieni.

Jumamosi iliyopita kulikuwa na la pili, la simu,
sekunde hamsini, upepo, kitu kinanguruma mbali.
Sauti imeshuka, nzito,
kama pipa la mawese likiviringishwa bandarini.
Anasema makombora ya kuangaza hushuka taratibu
kama karabai za wavuvi wetu mwezi ukiwa giza,
ila huko hakuna anayevuta wavu.
Kisha akakohoa.

Mama aliinamisha sikio kwenye spika.
Nikangoja aseme, huyu simjui.
Nje jenereta lilikuwa linapiga chafya.
"Rudisha," akasema. "Pale anapokohoa."
Nikarudisha. Mara nne.
"Kifua cha babake hicho. Huko hawana blanketi?"

Alibeba kikapu, chupa akaiacha mezani.
"Ya kumpaka kifuani," akasema. "Mtumie."
Hakusema kwa njia gani.