Ngeli ya KI-VI

Darasa la tano, Bahi Stesheni, mwezi wa kumi.
Mchanga uliingia bila hodi kwenye dirisha lisilo na kioo.
Mwalimu Chisomo aliandika: kiti, kisu, kikombe,
akageuka, chaki imemjaa nyusi:
"Nani ataniongezea neno?"

Nje alikuwa anapita Dorkasi Chilewa,
ungo wa mlenda mkavu kichwani,
mwilini koti la reli la marehemu mumewe,
zito, la vifungo vya shaba, jua la saa saba.
Alipita kama treni ya mizigo: haharakishi, hasimami.

Nikanyoosha kidole.
"Kituko, mwalimu."
"Tunga sentensi."
"Kituko kile kimepita."

Darasa lilipasuka. Mwalimu alijifuta machozi kwa kifutio.
"Sahihi," akasema. "Upatanisho umekaa."

Na kweli ulikaa, ki kwa ki,
kama kifungo na tundu lake.
Hakuna aliyeuliza ile a- ya mtu imedondokea wapi.

Si kwamba Ugogoni hatujui kuchekana.
Babu alipokufa, mtani wake Mnyamwezi, fundi baiskeli,
alijilaza ndani ya kaburi, akakunja nne,
akasema hatoki mpaka alipwe jogoo.
Tulicheka na kamasi zetu.
Kisha alitoka, akashika koleo,
akafukia mpaka tuta likasimama.
Utani una deni.
Kituko hakina; ukishalitamka neno
huna kazi tena kwenye msiba wa mtu huyo.

Mwezi wa saba upepo ulikata masikio.
Dorkasi alipita na koti lile lile
na hakuna aliyecheka,
wengine walilitazama kwa njaa.
Neno lilikuwa likizo. Lilirudi na joto.

Juzi nimeshuka Bahi, mtu mzima, na miwani.
Nikamkuta kwenye mkeka karibu na reli,
koti limebaki vifungo viwili.
Nikanunua mlenda wa elfu moja, nikatoa elfu mbili.
Chenji ilitoka mfuko wa ndani, sarafu zina joto la mwili.
Alinitazama muda mrefu kuliko bei.

"Wewe ndiye yule mtoto wa kituko?"

Nilisimama na sarafu mkononi,
nikitafuta kama nijibu ndiye
au ndicho.