Kuhesabu Simu

Chiromo, saa kumi na moja jioni. Kwarara wanazozana
juu ya mikaratusi, nami nimeshusha pazia
ili bahari ionekane.

Athumani Shee alipiga mbizi Shimoni siku ya maji mafu,
akaiacha kamera juu ya jiwe, akaenda zake.
Imenifikia kwa basi, ndani ya kopo la kahawa,
chumvi bado imeganda kwenye mkanda.
Niliilamba. Sijui kwa nini.

Wanaingia kwa kushoto: kumi, kisha ukuta.
Wanageuka, ukuta unakuwa wembe;
wanageuka tena, ni fedha imemwagika.
Nasimamisha picha. Mia nne na kumi na wawili.
Narudisha. Mia tatu tisini na saba.
Hata wakigandishwa hawahesabiki.

Okwaro, mlinzi wa zamu, anachungulia.
"Mpaka saa hizi, dada?"
"Nahesabu simu."
"Zimeibwa ngapi?"

Nilipomaliza kucheka alikuwa amevuta kiti.
Kijana wa Usenge, amekulia kwenye harufu ya omena,
omena wa kuanikwa, omena wa kupimwa kwa gorogoro;
wakiwa hai, hivi, hajawahi.
Anavua kofia.

Dakika ya ishirini na sita mzia anapita.
Hana haraka. Kundi linafunguka mbele yake
kama shati lililokatika vifungo,
linajifunga nyuma ya mkia wake,
na katikati, kwa kitambo kifupi,
ni maji tu, maji matupu.

Yuko mmoja nimemjua: mkia umeng'atwa upande.
Kila mara yu ukingoni, kila mara anajipenyeza ndani,
kila mara wanamtoa tena bila kumgusa.
Fomu haina safu yake.

"Nani anatoa amri?"
Namsomea yaliyo daftarini: hakuna;
kila mmoja anamtazama jirani,
na maji anayasikia kwa ubavu.
Okwaro anakuna kidevu. "Na asiye na jirani?"

Hapo stima ikapotea.
Chumba kizima kikawa kina kirefu,
mvua ikaanza juu ya mabati, kwanza tone tone,
kisha zote kwa pamoja zikageuka upande mmoja.
Hatukusema kitu. Nilimsikia akipumua,
kushoto kwangu, karibu.

Akapapasa mfukoni, akawasha mwanga.
"Simu moja," akasema. "Andika."