Mashine Haiwajui Wafu

Naryn, Januari. Baridi ya kupasua chupa,
na Toktosun amerudi na kikohozi chake,
kikopo amekivika soksi ya sufu
ili makohozi yasigande njiani.
"Burulkan," ananiambia, "nisomee hii,"
kana kwamba ni barua.

Ni barua.
Namimina dawa, natikisa, nangoja,
naitia katriji tunduni,
na kile kijisanduku, kidogo kuliko jiko la nyumbani kwetu,
kinaanza kukoroma kama paka aliyeshiba.
Dakika themanini.

Mwaka juzi ndicho kilichomwokoa.
Hadubini ilikuwa imeapa mara tatu kwamba hana kitu;
hiki kikawataja wadudu kwa jina na ukoo,
kikaongeza: rifampisini kwao ni peremende.
Siku ile ile tukambadilishia dawa.
Miezi tisa alimeza na kutapika,
mkewe akihesabu vidonge kama anavyohesabu kondoo.

Mama yangu aliwahi mno kuugua.
Makohozi yake yalipanda basi kwenda Bishkek,
yakavuka mlima, yakapanga foleni,
na jibu likatukuta tukimsomea arubaini.

Sasa kioo kinaandika: wapo. Kidogo mno, ila wapo.
Daktari Jyldyz keshavuta kadi nyekundu:
"Aanze upya."

Nasema, subiri.
Kijisanduku hiki husoma vinasaba, hakisomi pumzi.
Kikulacho ki nguoni mwako, sikatai,
lakini nguo za marehemu nazo
hubaki na jina lake kwenye ukosi.
Tuyapande haya makohozi chupani,
tuone kama kuna kitakachoota.

"Kwa hiyo ninao au sina?" anauliza Toktosun.

"Una makaburi, mzee wangu.
Hatujajua kama kuna anayepumua humo."

Akacheka, kicheko kikageuka kikohozi,
kikohozi kikaisha, akacheka tena.
Wiki sita? Yeye ni mchungaji,
kungoja theluji iyeyuke ndiyo kazi yake.
Akavaa barakoa, akaomba soksi yake,
akasahau kuaga.

Leo ni wiki ya nne.
Kila asubuhi naiinua chupa kwenye mwanga wa dirisha,
naigeuza, naitafuta hata chembe ya ukungu.
Hakuna.
Simu ninayo mfukoni. Namba yake naijua kwa moyo.
Nairudisha chupa kwenye joto,
nafunga mlango polepole,
kama mtu aliyemlaza mtoto.