Kitabu Bila Jalada

Nilikinunua Nyawera, chini ya mwavuli wa muuza vitabu,
kwa bei ya mafungu mawili ya sombe.
Jalada halipo, kurasa kumi na mbili za kwanza hazipo,
kwa hiyo mwanamke huyu ananianzia katikati ya sentensi:
*…na theluji ya juu ya paa ikaangushwa uani kwa majembe.*

Ni Tehran, zamani za babu wa babu zetu.
Mbele ya wageni mumewe hamtaji jina.
Husema: nyumba inaumwa. Nyumba imejifungua.
Nikacheka peke yangu, kisha nikanyamaza.
Mama alikuwa M'Rugendo hadi kaburini,
binti wa Rugendo, na msalaba ukaandikwa hivyo hivyo.

Umeme umekatika tangu saa moja.
Nasoma kwa tochi ya simu, kidole kikifuata Kifaransa
cha mfasiri ambaye hapa na pale ameshindwa,
akaliacha neno la kwao limelala mshazari
na nyota ndogo ya kukushusha chini ya ukurasa.
*Panbe.* Sishuki. Ni pamba, imo ndani ya godoro langu.
*Bostan.* Sishuki.
*Dariche*: kitundu ukutani, aliposimama kila alasiri
kutazama kofia za wapita njia, yeye asionekane.
Ee mama, ni dirisha!
Limevuka maji gani neno hili, limelala kwa nani,
hadi likafika Kadutu, kwenye ubao na bawaba moja?

Aliandika nyuma ya hesabu za mchele, asema,
kwani karatasi ya hesabu za jikoni
hakuna mwanamume anayeigeuza.

Hapo nikainuka, nikavuta sanduku uvunguni.
Daftari la mama. Tangu tumzike nimeliona ni madeni tu:
Nsimire, sabuni mbili.
Mke wa katekista, chumvi, bado.
Nikaligeuza.

Kwa penseli, herufi zikipanda kama njia ya kwetu:
*Leo Jumanne. Nimeenda hadi Ruzizi bila sababu.
Nimeyatazama maji. Sikumwambia mtu.*
Na sahihi: Cibalonza.
Jina la utotoni. Sijasikia yeyote akimwita hivyo.
Kurasa zilizobaki ni nyeupe, moja ina alama ya mafuta.

Umeme umerudi, redio ya jirani imezinduka katikati ya tangazo.
Nazima tochi.
Nalitamka taratibu, kama neno lenye nyota,
na chini ya ukurasa hakuna maelezo.